Kipindi cha Zamani kwenye Skrini ya Leo: Ubora na Upana Ni Kazi Mbili

Tangazo likidai kwamba tamthilia ya miaka ya 1990 "imeboreshwa na sasa inajaza skrini nzima", limechanganya mambo mawili yasiyo na undugu. Kuongeza ubora ni kurudi kwenye chanzo chenye maelezo mengi kuliko yale yaliyorushwa hewani. Kuipanua picha kutoka uwiano wa 4:3 hadi 16:9 ni kubadili mpangilio wa picha yenyewe: kilichokuwa ndani ya fremu hutoka, na kilichokuwa nje huweza kuingia. Kazi ya kwanza ikifanywa kwa uangalifu, mtazamaji hapotezi kitu. Ya pili ina hasara karibu kila mara, hata mikononi mwa mabingwa.

Hesabu zinazoamua mengi

Mfumo wa runinga wa NTSC wa Marekani ulionyesha mistari takribani 480, na PAL, uliotumika Ulaya na kwingineko, 576. Ikigeuzwa kuwa ya kidijitali, fremu moja huwa na pikseli 720 kwa 480 au 720 kwa 576. Fremu ya HD ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, yaani mara 6 ya ile ya NTSC na mara 5 ya ile ya PAL. Ya 4K, 3840 kwa 2160, hufikia mara 24 na mara 20. Kwa hiyo kipindi kilichotoka kwenye kanda ya video ya NTSC kikibandikwa nembo ya 4K, pikseli 23 kati ya kila 24 zimekokotolewa na programu. Huenda zimekokotolewa vizuri, lakini hakuna kamera iliyowahi kuziona.

Sasa upana. Picha ya 4:3 ikiwekwa ndani ya fremu ya HD bila kuguswa, hukaa kwenye pikseli 1440 kwa 1080, na pembeni hubaki pau nyeusi za pikseli 240 kila upande. Asiyezitaka pau hizo ana njia tatu. Ya kwanza ni kuivuta picha kwa upana, na kila uso ukanenepa kwa theluthi moja. Njia hii haina utetezi wowote. Ya pili ni kukata juu na chini: robo nzima ya kimo huondoka, zinabaki pikseli 1440 kwa 810, kisha mabaki hayo yanakuzwa. Kwa kanda ya PAL, mistari halisi inayosalia ni 432, na kwa NTSC ni 360. Ajabu ni kwamba "toleo la kisasa" la namna hii lina maelezo machache kuliko matangazo ya awali. Ya tatu ni kurudi kwenye negativu, ile filamu ya asili iliyopita ndani ya kamera, na kutafuta kama kuna picha zaidi pembeni, jambo tutakalolirudia.

Wakati wa mpito kutoka 4:3 hadi 16:9, vituo vya Uingereza vilitumia pia suluhu ya katikati, uwiano wa 14:9, unaokata takribani asilimia 14 tu ya kimo na kuacha pau nyembamba. Halikuwa suluhisho la kupendeza, ila liliokoa vichwa vingi visikatwe.

Umri si kigezo

Watu hudhani kipindi cha zamani zaidi kitakuwa na picha mbovu zaidi. Sivyo. *I Love Lucy* ilianza mwaka 1951 ikipigwa kwa kamera tatu za filamu ya milimita 35, na negativu ya aina hiyo ina maelezo ya kutosha HD na hata zaidi. Vichekesho vingi vya miaka ya 1970 na 1980 vilivyorekodiwa studio kwa kamera za video havina chochote zaidi ya mistari yao 480 au 576, kwa sababu kamera zenyewe hazikuona zaidi.

Kipimo kizuri ni *Doctor Who* ya zamani, tamthilia ya BBC ya Uingereza. Kwa miaka mingi matukio ya ndani yalirekodiwa kwa video na ya nje kwa filamu ya milimita 16, kisha vyote vikaunganishwa kwenye kanda ya video. Hadithi ya *Spearhead from Space* ya mwaka 1970 ilipigwa yote kwa filamu kwa sababu ya mgomo studio. Ndiyo maana mwaka 2013 iliweza kutoka kwenye diski ya Blu-ray ikiwa HD ya kweli, wakati hadithi zilizofuata, ingawa ni mpya zaidi, haziwezi.

Hivyo kuna maswali mawili ya kuuliza kabla ya kugusa mashine yoyote. Kamera iliandika juu ya nini? Na uhariri wa mwisho ulifanyika juu ya nini? Vyote viwili vikiwa filamu, kazi ni nyepesi kiasi: kuna negativu iliyokatwa na kuunganishwa tayari, unaisafisha, unaiskani, unasawazisha rangi. Vyote viwili vikiwa video, dari ya ubora imeshawekwa. Penye taabu ya kweli ni pale kamera ilipokuwa ya filamu na uhariri ukawa wa video.

Filamu iliyohaririwa kwenye video

Tamthilia nyingi za Marekani kuanzia katikati ya miaka ya 1980 zilifuata njia hii kwa sababu ilikuwa ya haraka na nafuu. Filamu ilipigwa, ikasafishwa, ikapitishwa kwenye telesine, ile mashine ya kugeuza filamu kuwa video, na tangu hapo hakuna aliyeigusa tena. Kukata, kuunganisha, majina ya waigizaji, miale ya silaha, mipito ya picha, vyote vilifanywa kwenye kanda. Hakuna negativu ya kipindi kizima. Kuna maboksi ya filamu ghafi, na gombo moja la futi 1,000 la milimita 35 lina dakika 11 tu za picha.

*Star Trek: The Next Generation*, tamthilia ya safari za anga, ndiyo mfano unaotajwa zaidi. Misimu yake 7 ilitolewa upya kwenye Blu-ray kati ya 2012 na 2014, na kimsingi kila sehemu ilihaririwa mara ya pili. Kazi huenda hivi. Unachukua kanda ya matangazo, ile iliyorushwa hewani, iwe kielelezo. Unatafuta orodha ya mikato kama ipo, ukijua kwamba misimbo ya muda (namba za saa, dakika, sekunde na fremu) iliyoandikwa humo inaelekeza kwenye kanda za telesine ambazo huenda hazipo tena. Kila mkato unaulinganisha na namba zilizochapwa ukingoni mwa filamu. Kodak ilianza kuweka namba zinazosomwa na mashine, Keykode, mwaka 1990. Kwa filamu za kabla ya hapo ni jicho la mtu na subira. Kisha unaskani vipande vilivyotumika tu, ukiongeza fremu 12 hadi 24 kila mwisho, maana ukikosea kwa fremu mbili utalazimika kurudisha gombo kwenye skana.

Usidharau hifadhi. Fremu moja ya filamu iliyoskaniwa kwa 4K, rangi za biti 10, bila kubanwa, ni takribani MB 50. Sehemu ya dakika 45 ina fremu 64,800, na hiyo ni zaidi ya TB 3 kabla hujahesabu zile fremu za ziada.

Mikato yenyewe ina mtego. Filamu inakwenda fremu 24 kwa sekunde, video ya NTSC 29.97, kila fremu ya video ikiwa na nusu fremu mbili: moja ya mistari ya shufwa, nyingine ya witiri. Telesine hupata ulinganifu kwa kugeuza kila fremu 4 za filamu kuwa nusu fremu 10. Mhariri wa enzi hizo aliweza kukata popote, hata katikati ya mzunguko huo, kwa hiyo mpangilio huvunjika na kuanza upya kwenye kila mkato. Programu inayorudisha fremu 24 kwa kudhani mpangilio ni mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho itaharibu kazi ndani ya dakika ya kwanza.

Kasi sahihi ya kurudia ni 23.976. Sauti ya asili kutoka kanda ya 29.97 italingana nayo. Ukitengeneza picha kwa 24 kamili, tofauti ni asilimia 0.1 tu, lakini mwisho wa dakika 45 midomo na sauti zimeachana kwa sekunde 2.7.

Efekti, yaani picha za kutengenezwa, ndizo zilizokula muda zaidi. Meli za anga za *The Next Generation* zilikuwa mifano midogo iliyopigwa kwa filamu, tabaka kwa tabaka, na kuunganishwa kwenye video. Kwa kuwa tabaka zile zilihifadhiwa, ziliunganishwa upya kwa HD. Vilivyokuwa vimechorwa moja kwa moja kwenye video, kama miale, vikachorwa tena. Pale negativu iliposhindikana kupatikana, sekunde chache zilijazwa na video ya zamani iliyokuzwa, na ukikaza macho unaona picha ikififia ghafla. *Deep Space Nine* na *Voyager*, tamthilia nyingine za *Star Trek* zilizotengenezwa kwa njia ile ile, hazikupata kazi kamili ya namna hii.

Pembeni mwa negativu kuna nini?

Fremu nzima ya milimita 35 ina upana wa mm 24.9 na kimo cha mm 18.7. Sehemu iliyozoeleka kutumika, ukitoa nafasi iliyotengwa kwa ajili ya utepe wa sauti, ni takribani mm 22 kwa 16. Kamera nyingi zilifichua fremu nzima hata hivyo. Hapo ndipo penye upana wa bure: takribani asilimia 13. Ila 16:9 kutoka upana wa mm 24.9 inahitaji kimo cha mm 14 tu, kwa hiyo hata hapa kuna kinachokatwa juu na chini ikilinganishwa na mm 16 za awali. Mtu akikwambia toleo pana "linaonyesha zaidi", mwulize upande upi.

Na kile kinachoonekana zaidi hakikupangwa kionekane. Mpiga picha wa 4:3 alijua mpaka wake uko wapi, akaweka stendi ya taa, maikrofoni, mwisho wa ukuta wa seti na watu wa kazi nje kidogo ya mpaka huo. Toleo pana la *Friends*, lililotoka kwenye Blu-ray mwaka 2012, lina fremu ambamo mwigizaji mbadala anaonekana ukingoni akiwa amekaa mahali pa mwigizaji halisi. Toleo la HD la *Buffy the Vampire Slayer* la mwaka 2014 lilionyesha wafanyakazi na vifaa. Timu ya *The Next Generation* iliangalia pembe zake, ikaona taa na vifaa, ikaamua kubaki 4:3. Uamuzi huo ulilalamikiwa na wanunuzi waliozoea skrini iliyojaa. Kiufundi ulikuwa sahihi.

Kuna vipindi vilivyojiandaa. *The X-Files* kuanzia msimu wa 5 ilipigwa huku pembe zikilindwa kwa ajili ya 16:9, na toleo lake la Blu-ray la 2015 halionyeshi aibu nyingi. *Babylon 5* nayo ilipiga filamu ikikusudia upana, lakini michoro yake ya kompyuta ilitengenezwa kwa 4:3 na ubora wa kawaida. Kwenye DVD kila mchoro, na kila tukio lililochanganya mwigizaji na mchoro, lilikatwa juu na chini na kukuzwa, na mtazamaji aliona ubora ukipanda na kushuka ndani ya tukio moja. Toleo la mwaka 2021 lilirudi 4:3: waigizaji kutoka negativu, michoro ikikuzwa bila kukatwa. Mara nyingi kurudi nyuma namna hiyo ndiko maendeleo.

*The Wire* ilipogeuzwa kuwa 16:9 mwaka 2014, muundaji wake David Simon alihusishwa na akaeleza hadharani kwamba kuna matukio yaliyonufaika na mengine yaliyopungua. Huo ndio utaratibu wa chini kabisa wa heshima: picha kwa picha, mtu mwenye haki ya kuamua akiwa chumbani. Fremu moja inafunguliwa pembeni, nyingine inasogezwa juu kuokoa kipaji cha uso, nyingine inakuzwa ili kufuta maikrofoni. Kuweka mkato mmoja wa katikati kwa misimu yote na kuiacha kompyuta iendelee ndiko kunakozaa vichekesho visivyokusudiwa. *Seinfeld* ilipoingia Netflix mwaka 2021 ikiwa 16:9, sehemu inayohusu shimo barabarani ilikuwa na tukio ambamo shimo lenyewe limekatwa nje ya picha.

Katuni haina hata hiyo pembe ya kufungua, kwani mchoraji alichora kinachohitajika tu. *The Simpsons* ilianza kutengenezwa kwa 16:9 mwaka 2009; sehemu za kabla ya hapo zilipowekwa Disney+ mwaka 2019 zilikatwa juu na chini. Utani wa bia tatu za Duff zenye majina tofauti zinazotoka bomba moja ukafa, kwa sababu bomba lilikuwa juu ya fremu. Mwaka 2020 mtazamaji akapewa chaguo la 4:3.

Rangi hazikukaa kwenye negativu

Kosa hili halizungumzwi vya kutosha. Enzi za telesine, usiku mwingi ulitengenezwa kwenye mashine: tukio lilipigwa mwanga ukiwa mwingi, kisha rangi ikatiwa ubuluu na giza wakati wa kugeuza kuwa video. Negativu haijui habari hizo. Anayeiskani bila kielelezo hupata wanyonya damu wakitembea mchana kweupe, na ndicho kilichowatokea *Buffy*. Kanda ya matangazo iwekwe kwenye monita ya pili wakati wote wa kusawazisha, si kwa ajili ya kuiga kila kasoro yake, bali kujua saa ngapi ya siku.

Chembe za filamu, zile punje ndogo zinazocheza kwenye picha, nazo ziachwe. Kizuia-kelele cha picha (programu ya kufuta punje hizo) kikizidishwa hufuta chembe pamoja na vinyweleo na nyuzi za nguo, na nyuso hugeuka nta.

Kilichobaki ni kanda tu

Hapa hakuna negativu ya kurudia, kwa hiyo ushindi wote uko kwenye kuchota vizuri. Kanda za miaka ya 1970 na 1980 ambazo gundi yake imevuta unyevu hunata na kupiga kelele kwenye kichwa cha mashine. Ukiendelea kuzicheza, oksaidi yenye picha inabanduka. Hupashwa moto kwanza kwenye tanuri lenye kidhibiti cha joto, nyuzi 50 hadi 54 za Selsiasi, kwa saa 8 au zaidi kulingana na upana wa kanda, zikaachwa zipoe taratibu, kisha zinachezwa mapema kabla unyevu haujarudi. Jiko la kawaida la kuokea halifai, joto lake hupanda na kushuka mno.

Mashine ichezwe kupitia kirekebisha muda ili mistari isiyumbe. Nakili kwa biti 10 bila kubana, takribani GB 100 kwa saa, au kwa mfumo wa FFV1 unaobana bila kupoteza kitu. Kanda ikiwa na mawimbi ya pamoja ya rangi na mwangaza, kichujio cha kuzitenganisha kitangulie vichujio vingine vyote. Ukianza kusafisha kelele kwanza, upinde wa mvua unaocheza kwenye nguo zenye mistari hautatoka tena.

Kisha nusu fremu. PAL ina nusu fremu 50 kwa sekunde, na kila moja ni tukio la wakati wake. Zigeuzwe kuwa fremu kamili 50, si 25. Anayetupa nusu moja anabaki na mistari 288 na mwendo wa kukatikakatika. Anayekuza picha kwa wima kabla ya kutenganisha nusu fremu huacha mistari kama meno ya kitana ndani ya picha, na hakuna programu itakayoitoa kwa usafi. Mpangilio wa nusu fremu ukigeuzwa, kila kinachotembea kitarukaruka mbele na nyuma. Ukiona hivyo, rekebisha mpangilio huo kwanza kabla ya kuhangaika na kitu kingine.

Pikseli 720 za upana zina ukingo mweusi pande zote mbili. Picha yenyewe ni takribani 702. Kata ukingo kwanza, ndipo ukuze hadi 1440. Ukikuza 720 zote, watu watakonda kwa asilimia 2.5, kosa dogo ambalo limejaa kwenye matoleo rasmi. Badili pia fomula ya rangi kutoka Rec. 601 ya video ya zamani kwenda Rec. 709 ya HD, la sivyo kijani na nyekundu zitahama bila sababu inayoonekana.

Mwishoni ndipo ukuzaji wa akili mnemba unapoingia, ukihitajika. Kukuza mara mbili kwa tahadhari husaidia kingo na kupunguza ukungu. Kuzidisha kunaleta balaa, kwa sababu programu hubuni. Uso ulio mbali wenye pikseli 15 hupewa macho ya mtu mwingine, na maandishi ya nyuma hugeuka herufi zisizo za lugha yoyote. Mwaka 2025 watazamaji wa *A Different World* kwenye Netflix walionyesha picha za mabango na nyuso zilizoharibika hivyo. Vipande vya kukagua kabla ya kuidhinisha ni vile vyenye umati, mikono, maandishi na moshi.

Sauti, kwa ufupi

Nakala za PAL za tamthilia zilizopigwa kwa filamu ya fremu 24 kwa kawaida zilichezwa kwa fremu 25. Dakika 45 zinakuwa 43 na sekunde 12, na sauti hupanda kwa takribani asilimia 70 ya nusu toni. Ukiunganisha sauti ya PAL na picha mpya ya 23.976, ipunguzwe kasi pamoja na mwinuko wake. Mchanganyiko mpya wa spika nyingi ni wa hiari. Ule wa asili uwemo kila mara. Nyimbo huleta kero ya kisheria: leseni za matangazo ya zamani aghalabu hazikugusa diski wala intaneti, ndiyo maana matoleo ya *WKRP in Cincinnati* yalitoka yakiwa na muziki uliobadilishwa.

Upande wa mtazamaji, lawama isiende kwa studio kabla ya kuangalia runinga. Mpangilio wa ukubwa wa picha ukiwa kwenye "kuza" au "tanua", hata toleo safi la 4:3 litaonekana limekatwa au limenenepa. Weka uwiano wa asili, zima kinoishaji, yaani mpangilio unaozidisha makali ya kingo za picha, kisha tafuta duara kwenye picha, saa ya ukutani au gurudumu la gari linaloonekana kwa ubavu. Likiwa yai, picha imevutwa. Likiwa duara lakini vipaji vya nyuso na videvu vinagusa kingo kila mara, imekatwa juu na chini, na kabla ya kulipia toleo jipya inafaa kuangalia kama lile la 4:3 bado linapatikana.